Dakika Kumi na Moja hadi Tanga

Neno la nne liliingia Jumanne, saa nne asubuhi, na Tunu Mhina akajua swali limekwisha.

Lilikuwa neno dogo tu, "gani". Chujio, mashine ya kunasa sauti, lilikuwa limelikusanya kwa siku tatu, chembe kwa chembe, likalitoa kwa sauti ya rubani, Kapteni Lwitiko, sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai yake na hana haraka na dunia. Tunu akarudisha nyuma, akaliunganisha na maneno matatu yaliyotangulia, akasikiliza sentensi nzima kwa mara ya kwanza.

"Tanga, tumebakiza muda gani?"

Siku kumi na mbili za kusikiliza, kwa sekunde mbili za kusema. Tunu akavua visikilizio, akaviweka mezani, akakaa akiangalia ukuta. Ukutani palikuwa na saa mbili. Moja ilikuwa ya Tanga, inayotembea kama saa ya mtu yeyote. Ya pili ilikuwa ya ndani ya ndege, na tangu itundikwe pale, miaka tisa iliyopita, ilikuwa imesogea dakika tisa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Dakika moja kwao, mwaka mmoja kwetu. Abiria kumi na tisa na rubani mmoja walikuwa wameondoka Kigoma asubuhi ile wakiambiwa watafika Tanga baada ya dakika kumi na moja, na kwa hesabu ya saa zao za mkononi hawakuwa hata wamechelewa. Huenda kuna aliyekuwa bado anamenya karanga alizonunua uwanjani. Huku nje, watoto waliowaacha darasa la kwanza walikuwa wameanza kuota ndevu.

Mlango ukagongwa. Aliingia Mhandisi Kisaka, mkuu wa kituo, mtu wa miaka thelathini na minane ambaye kila akiwa na habari mbaya alikuwa anavuta kola ya shati. Alikuwa anaivuta.

"Bi Tunu, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo barua usinisomee. Nipe nisome mwenyewe."

Barua ilitoka Mamlaka ya Mikunjo, na ilikuwa fupi. Mkunjo wa Kigoma na Tanga utafungwa moja kwa moja baada ya siku tisini. Sababu: vijiji.

Tunu hakuuliza vijiji gani. Alikuwa amekwenda mwenyewe Igombelo, chini kabisa ya njia ya ndege, mahali ambapo mkunjo ulikuwa umelegea ukashuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Mama mmoja alimpakatisha mtoto wake. Tunu akamrusharusha kidogo, akauliza ana miezi mingapi. Mama akasema ana miaka saba. Alikuwa hajaota hata jino moja; wakati wa mkunjo ulikuwa umemshika yeye, ukamwacha mama. Mama yake alimnyonyesha kwa miaka saba ya mwili wake mwenyewe, na alikuwa amekauka mpaka shingo imebaki mishipa.

"Mwaka jana vilikuwa vijiji vitatu," alisema Kisaka. "Mwaka huu kumi na kimoja. Tukiendelea kuushikilia, mwakani utaigusa Tabora."

"Sijabisha."

"Najua hujabisha."

"Ukifungwa, wao inakuwaje? Sema tu, Kisaka. Mimi si mtoto."

Kisaka akavuta kola. "Hawataanguka, kama hilo ndilo unalowaza. Hapatakuwa na mahali pa kuangukia. Watakuwa hawapo, basi."

Kisha akatoa karatasi ya pili, ndogo. Mamlaka walikuwa wamelikisia swali la rubani kwa yale maneno matatu ya kwanza, na walikuwa wameshaandika jibu. *Mnafika sasa hivi. Tulieni.* Lisomwe na Bi Tunu, kwa kuwa Kapteni Lwitiko anaijua sauti yake, na sauti ngeni ingemtia wasiwasi.

"Maneno manne," alisema Kisaka. "Siku kumi na mbili na yatakuwa yamewafikia. Watakufa wakifunga mikanda."

Tunu aliikunja karatasi ile mara nne, akaiweka chini ya kikombe. Katika wale abiria kumi na tisa, aliyekaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya rubani, alikuwa mama yake mzazi.

*

Sasa, kwa asiyejua habari yenyewe.

Kutoka Kigoma hadi Tanga, ukinyoosha kamba angani, ni kilomita kama elfu moja na hamsini. Ndege ya kawaida ilikuwa inakula saa mbili, hapo kama umebahatika kupata inayokwenda moja kwa moja, na bahati hiyo haikuwepo. Ulikuwa unapitishwa Dar, unakalishwa nusu siku kwenye viti vya chuma, unafika Tanga umevimba miguu. Ndipo wenye mkunjo wakaja na maneno yao matamu. Kwa nini kuruka njia yote? Ikunjeni. Ukiikunja kanga, pindo na pindo vinakutana, na ua la katikati haliumii. Ndivyo walivyosema, na watu wakapiga makofi. Kilomita elfu moja na hamsini zikawa themanini. Safari ikawa dakika kumi na moja.

Ilikuwa milango miwili, wa kuingilia Kigoma na wa kutokea Tanga. Sharti lilikuwa moja tu, hata mlevi angelielewa. Ndege isiingizwe Kigoma kabla mlango wa Tanga haujawa wazi.

Mnara wa Tanga alikuwa Tunu. Mnara wa Kigoma alikuwa Bwana Ruhaga, Muha mmoja mpole, mcheshi akikuzoea, asiyewahi kumwinulia mtu sauti. Walisemeshana kila siku kwa miaka minne bila kuonana uso kwa uso. Na katika kusemeshana huko kulikuwa na utani mmoja ambao Tunu aliupenda mno.

Lazima ujue kwamba mama yake Tunu, Mwalimu Perpetua, alifundisha Kiswahili Muheza kwa miaka thelathini na minne. Mwanafunzi akithubutu kusema "masaa", Mwalimu alikuwa anapiga dawati kwa kifutio mpaka vumbi la chaki linafunika mstari mzima. "Saa moja, saa mbili, saa mia! Hiyo *ma* umeitoa wapi? Gengeni?" Tunu alilelewa humo. Kwa hiyo siku Ruhaga alipomwambia hewani kwamba mafundi watachukua masaa matatu, Tunu aliangua kicheko.

"Masaa ndiyo mnyama gani huyo, Bwana Ruhaga? Huko mwisho wa reli hamna walimu?"

Minara yote miwili ikacheka. Ruhaga naye akacheka. Kesho yake akateleza tena, akachekwa tena. Baada ya miezi miwili hivi akaacha kabisa kulitamka.

Haya. Asubuhi ile Mwalimu Perpetua alikuwa Kigoma, ametoka kwenye ubatizo wa mjukuu wake, anarudi nyumbani. Tunu alikuwa amemwomba Ruhaga amkalishe mbele, kwa sababu bibi alipenda kuona njia. Saa moja na dakika arobaini, Tanga mvua ya radi ikakata umeme, na mlango wa kutokea ukaishiwa nguvu. Mafundi wakamwambia Tunu itachukua saa mbili kuujaza. Akabonyeza kitufe.

"Kigoma, mlango wangu umelala. Ndege izuieni saa mbili."

"Niizuie saa mbili?"

"Saa mbili, Bwana Ruhaga. Huna masikio?"

"Saa mbili. Sawa, Tanga."

Kanuni ilitaka kila agizo lirudiwe na anayepokea, ili kosa lisipite. Lilirudiwa. Na kosa likapita katikati yake likitembea kwa miguu yake lenyewe, kwa sababu Tunu alimaanisha mpaka saa tatu na dakika arobaini, na Ruhaga alisikia saa mbili kamili, dakika ishirini tu mbele. Umeme wa Tanga ulikuwa na kawaida ya kurudi baada ya dakika ishirini. Hakuona ajabu.

Saa mbili kamili akafungulia ndege.

Tunu alikuwa chumba cha betri, ameshika mwavuli juu ya kichwa cha fundi, aliposikia sauti ya Lwitiko kwenye redio. "Tanga, habari za asubuhi, tumei..." Sauti ikaanza kuvutika, ikazama, ikawa nzito kama ya redio inayoishiwa betri, halafu ukabaki mvumo. Mwisho wa lile neno, "ngia", ulifika wiki iliyofuata.

Walipoufungua mlango wa Tanga, ilikuwa imeshakuwa. Mkunjo wenye ndege ndani na mlango mmoja umefungwa ulikuwa umelegea, na kila kilomita ambayo ndege iliila, nyingine ilizaliwa mbele yake. Nyuma hakukuwa na pa kurudi, mlango wa Kigoma uliungua siku ile ile.

Tume ikaundwa. Wakaleta mtaalamu wa lugha, mzee wa tai, akasikilizishwa mkanda wa mazungumzo yale mara sita. Akasema "izuieni saa mbili" ni Kiswahili sanifu, "kwa" huweza kudondoshwa, na neno "masaa" halikubaliki katika maandishi rasmi. Ikaandikwa kwamba Tanga ilisema sahihi na Kigoma ikasikia vibaya. Ruhaga akafukuzwa kazi, akafungwa miaka miwili.

Na Tunu? Tunu alikaa kwenye kiti cha tume, mikono mapajani, hakusema kitu. Hakuulizwa kama alipaswa kusema "mpaka saa tatu na dakika arobaini". Laiti angeulizwa, angesema ndiyo. Lakini kusubiri kuulizwa nako ni uoga, na yeye alilijua hilo kila siku iliyokuja baada ya pale.

*

Siku ya tano baada ya barua, Ruhaga mwenyewe alitokea kituoni.

Tunu hakumjua. Alimwona mzee mwenye kofia ya sufu, amebeba dumu la mawese na kifurushi cha samaki, migebuka iliyokaushwa, amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa. Alipofungua mdomo kusalimu, Tunu akashika meza. Sauti ile alikuwa ameisikia kila siku kwa miaka minne.

"Dada Tunu. Mimi Ruhaga."

"Karibu," alisema Tunu.

Akamvutia kiti. Akamtilia chai. Alimimina mpaka chai ikajaa kwenye kisahani. Ruhaga akajifanya hajaona. Siku hizi, alisema, ni fundi redio pale Mwanga, Kigoma mjini, anaishi, hana malalamiko. Alisikia mkunjo unafungwa, akaona haifai kukaa Kigoma siku hizo. Ndege za upande ule hazipo tena, kwa hiyo amekuja na treni mpaka Dar, halafu basi.

"Umechoka basi, kaka yangu."

"Si haba. Masaa hamsini na..." Akakatisha. Akatazama chini, akajisahihisha taratibu. "Samahani. Saa hamsini na mbili."

Tunu akalia. Hakulia kistaarabu. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mtu wa miaka hamsini na miwili, mpaka Kisaka akaja mbio kutoka chumba cha pili akidhani kuna mtu amekufa.

Alipotulia, aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza. "Siku ile uliniuliza, 'niizuie saa mbili?' Kwa nini uliuliza?"

Ruhaga alizungusha kikombe. "Nilitaka kukuuliza kama ni masaa mawili au ni saa mbili ya saa. Neno lilifika hapa." Akagusa ulimi. "Nikasema, nitachekwa. Pale chumbani kulikuwa na wageni kutoka makao makuu. Nikaona aibu, dada. Basi nikalimeza."

"Ungelisema."

"Ningelisema. Na wewe usingenicheka. Tumeshachelewa wote wawili."

Kisaka akakohoa, akaweka ile karatasi ndogo mezani. Siku zilikuwa zinakwenda, na rubani alikuwa anasubiri jibu.

Ubishi ulianza hapo na haukuwa mrefu, maana hakukuwa na mengi ya kubishania. Siku themanini na tano zilizobaki zilikuwa sekunde kumi na nne za ndani ya ndege. Kila neno la Tunu lingekula nusu sekunde ya hizo.

"Waambie wanafika," alisema Ruhaga. "Kuna ubaya gani? Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua mengi tayari na hujafa."

"Kaka Ruhaga, mama yangu ana umri wa miaka sabini na moja. Amesali maisha yake yote aondoke akiwa tayari. Leo mimi, mwanawe, nimwambie tulia mama, kaza mkanda, halafu giza? Kama ungekuwa wewe, usingetaka kujua?"

"Kwa sekunde kumi na nne? Nifanye nini nazo? Utampa mtu hofu tupu, hana hata muda wa kuizoea."

"Atamshika mkono aliyekaa naye. Atasema jina la mtu. Sekunde kumi na nne si chache. Jaribu kunyamaza sekunde kumi na nne uone."

Wakanyamaza kweli, wote watatu. Gari la taka lilipita nje, likageuza, likaondoka. Zilikuwa ndefu kweli.

"Lakini ukianza kueleza," alisema Kisaka, "mkunjo, mlango, samahani, utakuwa umezimaliza zote wewe. Utawapa ukweli na utawanyima muda wake."

Hapo ndipo Tunu alipoanza kuandika na kufuta. *Hamtafika, ombeni.* Mawili. *Tunawafunga, mtusamehe.* Mawili, na ya kwake mwenyewe zaidi kuliko yao. Alikuwa anatafuta neno moja, moja tu, lenye ukweli ndani na lisilo na ukatili. Aliandika mpaka mchana, migebuka ikanuka chumba kizima. Kisha akaandika neno, akalitazama, hakulifuta.

*Aganeni.*

Ruhaga alilisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, lakini hakupinga. Kisaka alivuta kola yake.

"Mamlaka wamenitaka niandike kwamba jibu limetumwa," alisema. "Hawakusema niandike lipi."

Tunu akavaa visikilizio. Kwenye ndege ile ndogo hakukuwa na ukuta kati ya rubani na abiria, na sauti ya mnara ilisikika kwa wote. Akabonyeza kitufe, akasema neno lile kwa upole aliokuwa nao wote. Mashine ikalichukua, ikaanza kulivuta. Siku ya tatu taa ya kijani ikawaka. Limefika.

*

Siku tisa kukawa kimya. Sekunde moja na nusu, ya watu kusikia na kuelewa.

Siku ya kumi Chujio likaanza kupata kitu. Kilikuwa chembamba, cha juu, kinatetemeka. Walikusanya siku mbili, wakasikiliza. Kisaka akasema ni mtu anapiga mayowe. Walikusanya siku nne. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tena zaidi ya mmoja. Tunu alivua visikilizio, akatoka nje. Alikuwa amekusudia washikane mikono, na sasa amewaua kwa hofu kabla ya wakati wao, na mama yake yuko katikati ya makelele hayo. Hakula siku mbili. Ruhaga, aliyekuwa amepanga chumba karibu na kituo, alikuwa anamletea uji, anaukuta asubuhi umeganda.

Siku ya nane ya sauti ile, Ruhaga alikuwa amevaa visikilizio. Akainua uso.

"Dada Tunu. Njoo usikie. Hayo si mayowe."

Vilikuwa vigelegele.

Nyuma ya vigelegele yakaja makofi, siku kumi nzima za makofi. Halafu kicheko. Halafu sauti ya mwanamume, changamfu, "Haya, tutaonana mjini!" na mlio wa mtu aliyefungua mkanda kabla ya ruhusa.

Hebu na wewe fikiri. Umekaa kwenye ndege, umeambiwa safari ni dakika kumi na moja, ya tisa inakwisha. Rubani ameuliza imebaki muda gani. Mnara unamjibu, kwa sauti ya upole: aganeni. Wewe ungeelewa nini? Ungemgeukia uliyepiga naye soga, ungempa mkono, ungemwambia karibu nyumbani. Ndivyo walivyofanya. Walimpigia Tunu makofi kwa kuwafikisha.

Kisaka alikaa chini akacheka huku machozi yanamtoka. "Mungu amewafunika," alisema Ruhaga. "Amewafunika, dada. Liache hivyo hivyo."

"Siwezi kuliacha," alisema Tunu. "Nimewadanganya."

"Hukudanganya. Wamesikia wanachotaka."

"Ni kitu gani hicho, Ruhaga? Ni kile kile! Nilisema kitu, wakasikia kingine, nikanyamaza. Mara hii sinyamazi."

Zilikuwa zimebaki siku arobaini na mbili. Maneno kumi na manne, kama angetaka. Alihitaji moja tu, "hamtafika". Aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akalibandika mbele ya kitufe. Kila asubuhi saa mbili alikuja, akakaa, akaweka kidole. Kila asubuhi Chujio lilimpa punje nyingine ya furaha yao, na kidole hakikushuka. Alijiambia kesho. Ruhaga alikaa nyuma yake, na hakumwambia bonyeza wala usibonyeze. Huo ndio wema wake, na Tunu aliuchukia.

Ziliposalia siku kumi na nane, likaja swali. Alikuwa mwanamke, kijana kwa sauti, mwoga.

"Tumefika kweli?"

Tunu akainuka kwenye kiti. Huyu alikuwa anauliza! Kati ya watu ishirini wanaoshangilia, mmoja alikuwa na shaka, na alikuwa na haki ya kujibiwa. "Huyu namjibu," alisema kwa sauti. "Huyu lazima nimjibu." Akavuta kipaza sauti, akasafisha koo.

Lakini Chujio lilikuwa tayari limeshika sauti nyingine, karibu zaidi, kavu, yenye kila herufi mahali pake. Ilikuwa vipande tu bado. Tunu aliijua kwa kipande cha kwanza, kama ambavyo darasa zima liliijua kabla mlango haujafunguliwa. Mkono ukabaki hewani. Hakuweza kumkatiza mama yake. Hajawahi maishani mwake kumkatiza.

"Anayesema," ilisema sauti ya Mwalimu Perpetua, na ilichukua siku nne kusema hivyo.

Siku kumi na nne.

"Ni."

Siku kumi na mbili.

"Mwanangu."

Tunu alisikiliza maneno hayo matatu mara nyingi kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote. Anayesema ni mwanangu. Yalitamkwa kwa majivuno ambayo Mwalimu hakuwahi kumwonyesha ana kwa ana, hata siku alipopata kazi ya mnara. Hakuwa anamjibu yule msichana kwa kuangalia dirishani wala kwa kumuuliza rubani. Alikuwa anampa dhamana. Na dhamana yenyewe ilikuwa Tunu.

Siku nane. Siku saba. Mama alikuwa anavuta pumzi. Siku tano.

Siku ya tatu kabla ya kufunga ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa neno kupenya. Tunu alikaa tangu saa moja asubuhi, kidole kwenye kitufe, karatasi yake mbele. Ukweli aliutaka kwa moyo wake wote. Lakini ukweli ule ungeingia ndani ya ndege wakati mama yake bado ana neno mdomoni, na ungemfanya Mwalimu Perpetua mwongo mbele ya msichana aliyemwamini, katika nusu sekunde yake ya mwisho duniani. Saa sita ikapita. Saa tisa. Saa kumi na mbili jioni Kisaka akaja, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba sasa halitafika tena, hata akilisema.

Akatoa kidole. Kilikuwa kimekufa ganzi.

Barua ya mwisho ya Mamlaka ilitaja muda wa kufunga kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kisha kwa tarakimu tena: saa nne asubuhi, saa nne ya Kiswahili, mchana kweupe, dakika mia mbili arobaini baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Walikuwa wamejifunza. Dakika chache kabla ya hapo, Chujio likakamilisha neno lililokuwa limelishika tangu juzi. Tunu alilisikiliza mara moja tu.

"Tumefika."

Kisaka aliangalia saa, akamwangalia Tunu, akashusha mkono wa swichi. Hakukuwa na kishindo. Mvumo uliokuwa chumbani kwa miaka tisa, ambao walikuwa wameshaacha kuusikia, ulikoma, na ile saa ya pili ukutani ikasimama.

Ruhaga alivua kofia. Tunu hakulia. Alivuta kipaza sauti karibu, akabonyeza kitufe, akasema kwa mwendo wa kawaida, kama mtu yeyote anavyozungumza na mzazi wake.

"Mama, hamjafika. Sikusema mmefika. Ni mimi niliyekosea siku ile, si Ruhaga, na nilijua, na sikusema. Mama, kwaheri."

Ilimchukua sekunde kumi.

"Bi Tunu," alisema Kisaka, "hicho nimeshakikata umeme."

"Najua," alisema Tunu.